Chupa, Kijiti na Kishikwambi: Watoto Wafanye Hesabu Pamoja



Somo la safari hii ni la kusomwa mkiwa mmeketi pamoja, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Tunaomba muwe na kalamu, karatasi na simu moja yenye kikokotoo. Hata kabambe ile ya vibonyezo inatosha. Mkifika penye hesabu, msiruke. Simameni, mfanye, kisha mwendelee.

Tunazungumza juu ya watoto wetu wa shule za msingi hapa Junju na kwa majirani zetu, na juu ya vile vyombo vya kisasa vilivyoletwa shuleni: vishikwambi, ambavyo wengi wetu twaviita tableti, pamoja na laptopu za walimu na projekta. Huenda mtu akauliza, haya yanatuhusu nini sisi wa vikundi vya kuku na vya mchango wa mzunguko? Hebu tazameni daftari la kikundi chenu. Kuna hisa, kuna mikopo, kuna riba, kuna faini za wachelewaji. Ni wangapi kati yenu wanaweza kulikagua daftari hilo wenyewe, bila kumtegemea katibu peke yake? Vikundi vingi vimevunjika kwa sababu hesabu ilijulikana na mtu mmoja tu, na siku ilipokataa kulingana hakuna aliyeweza kuonyesha kosa liko wapi. Mtoto aliye gredi ya nne leo ndiye atakayeshika daftari hilo kesho. Akikua bila kuzielewa hesabu, ugomvi tutakuwa tumemrithisha.

Vyombo hivi vilifikaje shuleni

Kumbukeni uchaguzi wa 2013. Tuliahidiwa kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza angepewa laptopu. Maneno yakawa mengi, zabuni zikapelekwa mahakamani, na miaka ikapita. Mwaka 2016 mpango ulianza kwa sura nyingine, watoto wakaletewa vishikwambi vigumu vya kuhimili mikono ya watoto. Kwa jumla vilisambazwa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma zaidi ya elfu 21 nchini kote. Mpango ulikuwa kila shule ipate vishikwambi vya watoto, laptopu mbili za walimu, projekta moja, na kisanduku kinachohifadhi masomo na kuyagawa kwa vishikwambi bila kuhitaji intaneti. Masomo yenyewe, hesabu ikiwemo, yalisimamiwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ya Kenya. Shule nyingi za mashambani ziliunganishwa na umeme, au kuwekewa sola, kwa sababu ya mpango huo.

Mwaka 2019 ukaingia mtaala wa umilisi kuanzia chekechea hadi gredi ya tatu. Mtaala huo unataja mambo saba ya msingi ambayo mtoto anatakiwa kuyamudu. Moja ni mawasiliano na ushirikiano, na jingine ni ujuzi wa kidijitali. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mwalimu, "Tungependa watoto wafanye hesabu pamoja kwa kutumia kishikwambi," hamwombi fadhila. Anaomba kilichoandikwa katika mtaala.

Sasa tuseme ukweli wetu. Ninyi mnajua, na sisi twajua, kwamba katika shule nyingi vyombo hivi vimekaa kabatini. Mwalimu mkuu anaogopa viibiwe au vivunjwe, halafu aulizwe yeye. Mwalimu wa darasa ana watoto sitini na vishikwambi vinavyowaka kumi. Betri zimekufa kwa kukaa muda mrefu bila chaji. Kishikwambi cha 2016 si kijana tena. Na huku nyumbani mzazi anatumwa kwenye cyber kuchapisha picha ya mnyama kwa shilingi ishirini, akiambiwa hiyo ndiyo kazi ya mtaala mpya. Sisi hatuoni mtoto anajifunza nini kwa picha iliyochapishwa na mtu mwingine.

Wengine walijaribu nini

Kabla ya kuanza kuchanga pesa za kununua mashine, ni vizuri kujua yaliyowapata wengine.

Nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, iligawa laptopu ndogo za kijani kwa watoto wa shule, mamia ya maelfu, wengi wao wa vijijini. Watafiti walizifuatilia shule 319 za mashambani na mwaka 2012 wakatoa ripoti yao. Watoto walikuwa wamezizoea mashine vizuri sana, lakini katika mtihani wa hesabu na wa lugha hapakuonekana nafuu yoyote kuliko kwa wenzao wasiopata laptopu. Mashine ilifika, ila namna ya kufundisha ikabaki ile ya zamani.

Hapa kwetu, kule Kisumu, kabla ya vishikwambi vya serikali kufika, kulifanywa jaribio la kufundisha kusoma. Shule zingine zilipewa vifaa vya kusomea mikononi mwa watoto, zingine kishikwambi akapewa mwalimu, na zingine akapewa afisa anayezunguka kuwatembelea walimu darasani na kuwashauri. Wote walisonga mbele, kwa sababu walipata pia vitabu vizuri na mafunzo. Lakini kumpa kila mtoto chombo chake hakukuzaa matunda zaidi ya zile njia nyingine, na gharama yake ndiyo iliyokuwa kubwa. Kishikwambi kimoja mikononi mwa mshauri anayejua kazi yake kilikuwa na faida zaidi kwa kila shilingi iliyotumika.

Mwaka 1999 mjini New Delhi, India, mtaalamu mmoja, Sugata Mitra, alitoboa ukuta wa ofisi yake uliopakana na mtaa wa maskini, akaweka kompyuta wazi. Watoto ambao hawakuwahi kuiona wakakusanyika, wakajifundisha kuitumia wenyewe, mmoja akishika na wengine wakipiga kelele nyuma yake: "Bonyeza hapa! Si hapo!" Watu wengi duniani waliisifu sana habari ile. Sisi twaichukua nusu. Kujua pa kubonyeza si kujua kugawanya. Lakini zile kelele za nyuma, za watoto watano wakibishana juu ya mashine moja, zina faida ambayo mtoto mmoja na mashine yake hataipata.

Na iko habari ya zamani zaidi. Katikati ya miaka ya 1970, katika nchi ya Nikaragua, watoto wadogo walifundishwa hesabu kwa redio. Redio iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, na darasa zima likajibu kwa sauti, kisha redio ikatoa jibu. Njia hiyo ilifanikiwa vizuri, na miaka michache baadaye ilitumika hapa Kenya kufundishia Kiingereza. Redio moja, watoto hamsini. Wazee wetu mnaokumbuka vipindi vya redio vya shule mtaelewa tunachosema.

Basi tukiyaweka pamoja haya, ushauri wetu ni kwamba kikundi kisihangaike kutafuta chombo kwa kila mtoto. Kimoja kwa watoto watano kinatosha, bora wawe na kazi ya kweli ya kufanya. Na kazi tunayoipendekeza Junju ni kupima mvua.

Chupa ya mvua

Tumechagua mvua kwa sababu haihitaji kununuliwa, na kwa sababu kila mtu hapa anaijali. Mvua za mwaka zikichelewa, mahindi yanakauka, nasi twarudi kwenye mihogo. Watu husema "ilinyesha sana" au "ilinyunya tu", lakini ni kiasi gani? Mtoto aweza kutujibu kwa namba.

Chukueni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu au mbili, iliyonyooka ubavuni, isiyo na kiuno. Kateni sehemu ya juu pale inapoanza kuwa nyembamba. Kipande kile kigeuzeni kichwa chini mkikalishe ndani ya chupa kama mrija wa kumiminia, ili maji yasikauke kwa jua. Chini ya chupa huwa na mabonde. Tieni changarawe, kisha maji mpaka pawe sawa, na hapo mpige mstari wa sifuri. Ubavuni bandikeni rula ya plastiki, sifuri yake kwenye mstari huo. Mkikosa rula, kata kipande cha karatasi kilichopimwa kwa milimita ukifunike kwa selotepu. Chupa isimamishwe wazi, mbali na miti na mapaa, imezungukwa na mawe isianguke. Minazi isiwe karibu kabisa, maana kuti likianguka juu yake kazi imekwisha.

Kila siku saa mbili asubuhi maji yasomwe, kisha chupa irudishwe kwenye sifuri.

Hapa ndipo ushirikiano unapoingia. Watoto wagawanywe watano watano. Mmoja anainama na kusoma. Wa pili anasoma tena bila kuambiwa jibu la wa kwanza. Wakitofautiana, wanarudi wote wawili mpaka wakubaliane. Wa tatu anaandika ubaoni au daftarini. Wa nne anaingiza namba kwenye kishikwambi au kwenye laptopu ya mwalimu. Wa tano ndiye mkaguzi: analinganisha daftari na mashine. Wiki ijayo wabadilishane. Tunasisitiza kubadilishana, kwa sababu tunazijua tabia za watoto, na za watu wazima pia: mwenye nguvu hushika mashine Jumatatu na haiachi mpaka muhula uishe, na mara nyingi msichana ndiye huambiwa aandike tu.

Kabla grafu haijatengenezwa kwa mashine, itengenezwe chini, kwenye mchanga. Kwa kila milimita moja, kizibo kimoja cha soda. Siku ya milimita 12 ina vizibo 12 vimepangwa kwenda juu, na siku kavu haina kitu. Mtoto wa gredi ya kwanza anaona kwa macho yake siku ipi imeishinda ipi. Ndipo kikundi cha kishikwambi kinachora nguzo hizo hizo kwenye kioo, na projekta, ikiwa inafanya kazi, inazionyesha ukutani kwa darasa zima. Mtoto aliyepanga vizibo anajua ile nguzo ya ukutani imetoka wapi. Aliyeanzia kwenye kioo anaona rangi tu.

Hesabu ya kubishania

Sasa chukueni kalamu. Tuseme wiki moja watoto wamepata hivi: Jumatatu 0, Jumanne milimita 12, Jumatano 5, Alhamisi 0, Ijumaa 8, Jumamosi 3, Jumapili 0. Siku za wikendi alisoma mtoto anayeishi karibu na shule.

Jumla ni 28. Jumlisheni wenyewe mwone.

Mwalimu anauliza: wastani wa mvua ni kiasi gani? Kikundi kimoja kinagawanya kwa 7, kinapata 4. Kikundi kingine kinasema, "Hapana, siku zilizonyesha ni nne tu," kinagawanya 28 kwa 4 na kupata 7. Wa tatu wamezoea wiki ya shule ya siku tano, wamegawanya kwa 5, na kikokotoo kimewaambia 5.6.

Nani yuko sawa? Jadilini kabla ya kusoma mbele.

Wa kwanza wako sawa ikiwa swali ni, "Kila siku ya wiki ilipata kiasi gani, mvua ikigawanywa sawasawa?" Wa pili wako sawa ikiwa swali ni, "Inaponyesha, hunyesha kiasi gani?" Wa tatu hawako sawa, kwa sababu wamechukua mvua ya siku saba wakaigawanya kwa siku tano. Lakini tazameni: mashine iliwapa wote majibu, kwa haraka ile ile, na kwa wale wa tatu ikaongeza hata nukta ya desimali, ikaonekana jibu la mtu msomi. Mashine haijui wiki ina siku ngapi. Inajibu ulichoiuliza.

Hii ndiyo sehemu ya somo tunayotaka muishike zaidi. Mtoto akiwa peke yake na kikokotoo, atapata 5.6 aandike aende kucheza. Akiwa na wenzake wenye 4 na 7, itabidi aeleze kwa nini. Katika kueleza huko ndimo hesabu inamoingia kichwani. Na daftari la kikundi chenu ni vivyo hivyo. Faida ya mwaka ikigawanywa, inagawanywa kwa idadi ya wanachama au kwa idadi ya hisa? Kikokotoo kitawapa jibu kwa njia yoyote mtakayotaka, na ugomvi utabaki wenu.

Paa la mabati

Sasa namba hizo zifanye kazi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye eneo la mita moja kwa mita moja hutoa lita moja ya maji. Watoto wa madarasa ya juu wathibitishe: sentimita 100 mara sentimita 100 mara sehemu moja ya kumi ya sentimita ni sentimita za ujazo 1,000, na hiyo ndiyo lita moja.

Tuseme nyumba ya mwanachama ina paa la mabati linalofunika urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Pimeni chini, kwenye ardhi inayofunikwa na paa, msipande juu kupima mteremko. Eneo ni mita za mraba 30. Katika ile wiki ya milimita 28, mara 30, zimeanguka lita 840. Kwa mitungi ya lita 20 hiyo ni mitungi 42. Lakini si yote yatafika kwenye tangi. Mengine yanaruka, mengine yanavuja kwenye mfereji. Tuchukue sehemu nne kwa tano tu: lita 672, yaani mitungi 33 na lita 12 za ziada.

Mitungi 33! Akina mama mnaochota maji, fikirieni ni safari ngapi hizo. Na mnaonunua, zidisheni kwa bei ya mtungi kwenu. Kikundi kinachofikiria kununua tangi sasa kina mahali pa kuanzia: tangi la lita 1,000 lingetosha wiki ile, lakini je, wiki yenye milimita 60? Fanyeni hiyo hesabu. Watoto wakileta rekodi ya mvua ya msimu mmoja mzima, kikundi kitachagua tangi kwa namba zilizopimwa papa hapa Junju, na watoto watajua kwamba hesabu yao ilisababisha kitu kinunuliwe.

Junju izungumze na shule nyingine

Kazi hii inanoga zaidi shule mbili au tatu zikiifanya pamoja. Shule moja iwe hapa Junju, nyingine karibu na bahari, tuseme upande wa Vipingo au Takaungu, na ya tatu huko Ganze ambako ukavu twaujua sote. Kila Ijumaa mtoto mmoja, mwalimu akiwa kando, anatuma namba za wiki kwa ujumbe mfupi wa simu ya mwalimu. SMS yatosha. Kama walimu wana kikundi cha WhatsApp, wapige picha ya ukurasa wa daftari na kuituma. Kila shule inachora nguzo za shule zote tatu bega kwa bega, kisha watoto wanaulizana maswali: kwa nini Jumanne ninyi mlipata 12 na sisi sifuri? Mliisoma chupa au mlilala?

Hapo mtoto anagundua kwamba namba yake inasomwa na mtu asiyemjua, na akiikosea atasababisha makosa mahali pengine. Ataipima mara mbili. Hakuna fimbo inayofundisha uangalifu kama huo.

Onyo moja. Watumeni picha za chupa, daftari na grafu, si za nyuso za watoto. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi akubali kabla habari za mtoto wake hazijatumiwa. Nasi twaona hata bila sheria, picha ya mtoto haina haja ya kwenda Ganze ili milimita zijulikane.

Hesabu za bibi

Shule ikikosa umeme siku hiyo, au mvua ikikosekana mwezi mzima, kazi isisimame. Watoto watumwe kwa bibi na babu zao kuuliza: korija ni nazi ngapi? Pishi ni vibaba vingapi? Pima ni mikono mingapi? Watarudi na majibu: korija ni 20, pishi ni vibaba 4, mkono ni shubiri 2, na pima ni mikono 4. Hizo ni meza za kuzidisha zilizokuwako hapa kabla ya shule.

Kisha kila mtoto apime urefu wa darasa kwa mikono yake mwenyewe. Mmoja atapata 18, mwingine 21, na mrefu wao 16. Waingize namba zote kwenye kishikwambi, wazipange kutoka ndogo hadi kubwa, watazame ziko mbali kiasi gani. Mwalimu hatakuwa na haja ya kueleza kwa maneno mengi kwa nini watu walitengeneza mita. Mnunuzi wa kitambaa dukani na mwenye duka wamegombana juu ya jambo hilo miaka mingi.

Kijiti kisicho na kivuli

Liko jaribio jingine tunalolipenda, nalo ni la siku mbili tu kwa mwaka. Junju iko kusini kidogo ya mstari wa ikweta. Karibu na tarehe 10 Machi, na tena karibu na tarehe 3 Oktoba, jua la mchana hupita juu ya vichwa vyetu sawasawa. Simamisheni kijiti cha mita moja mahali tambarare, mkihakikisha hakijainama kwa kuning'iniza jiwe kwenye uzi kando yake. Mwezi Machi tazameni kuanzia saa sita na robo hivi. Kivuli kitazidi kufupika, na karibu saa sita na nusu kitapotelea chini ya kijiti. Mwezi Oktoba kinapotea mapema zaidi, muda mfupi baada ya saa sita na dakika tano. Watoto wapime kivuli kila dakika tano na kuandika, wakitumia saa ya simu.

Mkiwa na ndugu anayefundisha Kisumu, mpigieni simu siku hiyo hiyo ya Oktoba. Kisumu ipo karibu kabisa na ikweta, na kijiti chao cha mita moja kitakuwa na kivuli cha sentimita 6 au 7 jua lao linapofika juu kabisa. Siku ile ile, nchi moja, vijiti sawa, vivuli tofauti. Waacheni watoto wabishane kwa nini. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita huko Misri, mtaalamu aitwaye Eratosthenes alitumia tofauti ya vivuli vya miji miwili kukadiria mzingo wa dunia nzima. Hesabu yake yenyewe ni ya watoto wakubwa, lakini kupima kivuli hata gredi ya pili wanaweza.

Kikundi kifanye nini

Msiende shuleni kwa kelele. Tumeni wajumbe wawili au watatu wapitie chama cha wazazi, wazungumze na mwalimu mkuu na mwalimu wa hesabu. Ulizeni vishikwambi vingapi vinawaka. Ulizeni kinachozuia visitumike, na msikilize, kwa sababu mwalimu anayeogopa kudaiwa kifaa kilichoibiwa ana haki ya kuogopa. Huenda shida ni kufuli la kabati, au mlango wa ofisi, au waya mmoja wa kuchajia. Kikundi kinaweza kutatua hayo kwa pesa kidogo kuliko bei ya kishikwambi kimoja. Fundi wa simu sokoni aweza kutazama betri. Na vishikwambi vikae na chaji ya nusu wakati wa likizo, visiachwe vikauke kabisa, maana betri iliyokauka miezi mitatu huenda isiamke tena.

Mchango wowote uwe wa hiari, uandikwe, na upewe risiti. Elimu ya msingi ya umma ni bila karo tangu Januari 2003, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchanga pesa za sola. Tukisikia hilo limetokea kwa jina la kikundi, itakuwa aibu yetu.

Mkikuta shule haina kishikwambi hata kimoja kinachowaka, anzeni na chupa, vizibo na simu moja ya mwanachama. Namba ziandikwe daftarini. Siku mashine ikipatikana zitaingizwa zote.

Maswali ya kujadiliana

Katika kikundi chenu, ni watu wangapi wanaweza kukagua daftari la mikopo bila msaada? Waandikeni majina.

Faida yenu ya mwaka jana mliigawanya kwa wanachama au kwa hisa? Ni nani aliamua?

Paa la nyumba mnayokutania lina mita za mraba ngapi? Likipata milimita 15 za mvua, ni mitungi mingapi ya lita 20, mkitoa sehemu moja kwa tano inayopotea?

Ni wajumbe gani watakaokwenda shuleni, na lini?

Shule ikifungwa kwa likizo ya Aprili, na mvua za mwaka ndiyo zinaanza, ni mtoto gani na mzazi gani atakayeisoma chupa kila asubuhi saa mbili?